Ekseli, cheni na beringi zilizogoma kwenye gari la nchi kavu na majini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa watu wanaonijia karakanani hapa Ontario, Kanada, na wengine wanaonipigia simu wakiwa wamelala chini ya gari, mkono mmoja umejaa grisi. Yanahusu yale magari madogo ya matairi 6 au 8 yanayotoka kwenye tope, yakaingia ziwani na kutokea ng'ambo bila dereva kushuka: Argo, inayotengenezwa New Hamburg hapa hapa Ontario tangu 1967, Max ya Buffalo, New York, na jamaa zao. Kila modeli ina mwongozo wake, na vipimo vya kukazia bolti uvitoe humo. Hapa naeleza namna ya kung'oa kilichoshikana bila kuharibu kinachokizunguka.

## Mambo ya msingi

Nguvu ya injini inafikaje kwenye matairi?

Injini inazungusha klachi ya kwanza, iliyokaa kwenye ncha ya krenkishafti, ile shafti kuu ya injini. Mkanda wa mpira unapeleka mzunguko kwenye klachi ya pili, iliyo kwenye shafti ya kuingilia giaboksi. Giaboksi ina shafti mbili za kutokea, ya kushoto na ya kulia, na kuanzia hapo kazi yote ni ya cheni. Kila tairi lina ekseli yake fupi yenye sproketi (gurudumu la meno linaloshika cheni) ndani ya bodi, na cheni zinaunganisha ekseli za upande mmoja. Ndiyo maana matairi yote ya kushoto huzunguka pamoja, na ya kulia vilevile.

Matairi hayakati kona. Ukivuta wenzo, upande mmoja unapunguza mwendo au unasimama, na gari linageuka. Springi hakuna, tairi nene zenye upepo kidogo sana ndizo zinazomeza mabonde, na majini meno ya tairi hizo hizo ndiyo makasia.

Ekseli inashikwa na beringi mbili: ya ndani kwenye fremu, na ya nje pale ekseli inapotoboa bodi. Hiyo ya nje ina sili, yaani mpira unaoikumbatia ekseli, na flanji, bamba linalofungwa kwenye bodi kwa bolti, vyote vya kuzuia maji. Hapo ndipo kesi nyingi zinapoanzia.

Kwa nini vipuri vya gari hili hushikana kuliko vya gari la kawaida?

Kwa sababu beringi zake zinaoga. Fikiria umepanda mlima nusu saa, beringi zimepata joto, kisha unaingia kwenye maji baridi. Hewa iliyomo ndani ya beringi inasinyaa ghafla na kuvuta maji kupitia mdomo wa sili. Gari linapoegeshwa, maji yale yanabaki humo wiki nzima, pengine msimu mzima wa baridi.

Kutu ikishaanza inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Kati ya ekseli na ringi ya beringi hakuna nafasi ya ziada, kwa hiyo kutu inajikaza yenyewe kama kabari. Ongeza mtikisiko mdogo mdogo wa safari, unaosaga vyuma viwili vilivyogusana hadi vitoe unga mwekundu, na utaelewa kwa nini kipuri kilichoingia kwa kusukumwa na mkono sasa hakitoki kwa nyundo.

Nimezoea kutengeneza Land Rover na malori. Kuna nini kigeni hapa?

Bodi. Beringi ni zile zile, cheni unaijua kutoka kwenye pikipiki, lakini bodi nyingi za magari haya ni plastiki ya polithilini nzito, na imeumbwa kama beseni. Plastiki hiyo inayeyuka kwenye nyuzi joto 130 hivi za Selsiasi, na inalegea kabla ya kufika hapo. Gundi za kawaida haziishiki. Ikipasuka inachomelewa kwa hewa ya moto na kijiti cha plastiki ya aina hiyo hiyo.

Umbo la beseni nalo lina hatari yake. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Kwenye gari la kawaida unadondoka chini na kupeperuka. Hapa unatulia kwenye sakafu ya bodi, pale pale unapotaka kupitisha grainda.

Nitajuaje ni kipuri gani kimegoma?

Inua gari, toa cheni za upande wenye shida, kisha zungusha kila tairi kwa mkono. Tairi linalokataa, au linalozunguka kwa mkwaruzo, limekuonyesha beringi yake. Kama yote yanazunguka vizuri, tatizo liko juu zaidi: giaboksi, breki iliyong'ang'ania, au klachi.

Cheni iliyokatika ina dalili zake pia. Kwenye giaboksi za aina ya difrensha, zinazogawa nguvu kati ya pande mbili, upande uliokatika unakula nguvu yote na gari halisogei, ingawa injini inanguruma. Kwenye giaboksi kama T-20 ya Borg-Warner, iliyofungwa kwenye Max nyingi, upande usiokatika unaendelea kusukuma na gari linazunguka duara.

## Kabla ya kushika spana

Nikivuta breki ya kuegesha inatosha?

Haitoshi, na naomba swali hili lisomwe na kila mtu. Kwenye magari haya breki zimefungwa kwenye giaboksi au shafti zake. Cheni ndiyo inayoiunganisha breki na tairi. Ukishatoa cheni, breki inakamata shafti tu na matairi yako huru. Gari likiwa kwenye mteremko kidogo, litaondoka na wewe uko chini yake.

Weka vizuizi vya mbao mbele na nyuma ya matairi kabla ya kufungua kitu chochote, toa waya wa betri, na ukipandisha gari likae kwenye stendi.

Jeki iwekwe wapi?

Chini ya fremu ya chuma, kamwe si chini ya plastiki tupu. Kama modeli yako ina bamba la kinga linaloficha fremu, gonga kwa kifundo cha kidole usikilize: penye fremu mlio ni mfupi na mzito. Weka ubao mpana kati ya jeki na bodi. Fungua vizibo vya kutolea maji kwanza, maana lita za maji na tope zilizotulia ndani zinahama upande mmoja unapoinua, na gari linaweza kuyumba juu ya stendi.

Naweza kutumia moto?

Joto ndilo rafiki mkubwa wa kazi hii, lakini mwali wa gesi ndani ya bodi nimeuacha kabisa. Nilipoanza kazi nilipasha sproketi kwa gesi huku nimetandika kitambaa kibichi juu ya plastiki, nikadhani nimejikinga. Kitambaa kilikuwa bado kibichi nilipoona ukuta wa bodi nyuma yake umevimba kama ngozi iliyoungua. Joto lilikuwa limetembea ndani ya ekseli hadi kwenye flanji, na flanji ikaipitisha kwa plastiki. Mteja alilazimika kusubiri wiki 2 bodi ichomelewe.

Tumia hita ya umeme ya koili, ile inayopasha chuma kwa sumaku bila mwali. Inapasha ringi unayoitaka na kuacha vilivyo jirani. Usipokuwa nayo, bunduki ya hewa ya moto yenye mdomo mwembamba inafanya kazi polepole. Pima kwa kipimajoto cha miale kila baada ya muda mfupi, na elekeza kipimo kwenye flanji ya bodi pia.

Huhitaji kufanya chuma kiwe chekundu. Tundu la milimita 30 likipata joto la nyuzi 150 zaidi ya ekseli linapanuka kama milimita 0.05, na kwa kipuri kilichoshikwa na kutu hiyo ni nafasi nzuri. Chuma chekundu kinapoteza ugumu, na meno ya sproketi yaliyolainika yataliwa na cheni haraka.

Mambo matatu yasikosekane: tangi la petroli liwe limetolewa nje, bodi ipulizwe hewa kwa feni kwa dakika kadhaa, na mahali hapo pasiwe pamepulizwa dawa ya kusafishia breki yenye klorini. Dawa hiyo ikikutana na joto kali hutoa fosjini, gesi ya sumu inayoharibu mapafu.

Mafuta gani ya kulegeza kutu ni mazuri?

Yale yaliyotengenezwa kwa kazi ya kupenya, na yanayopewa muda. Mafundi wengi hapa wanachanganya asetoni na mafuta ya giaboksi ya otomatiki, nusu kwa nusu. Mchanganyiko huo unapenya vizuri, ila hizo mbili zinajitenga, kwa hiyo tikisa kila unapotumia, na kumbuka asetoni inashika moto upesi.

Muda una thamani kuliko chapa. Paka jioni, gonga kipuri taratibu mara 20 hivi ili mtikisiko ufungue njia, paka tena, ulale. Asubuhi rudia. Kesi nyingi zilizoletwa kwangu zikiwa na alama za tindo na nyundo zingetoka kwa siku 2 za mafuta.

Nikilazimika kuharibu kitu, nianze na kipi?

Beringi kwanza, halafu sproketi, halafu ekseli. Bodi na giaboksi usiviguse. Beringi ni bei ndogo na inapatikana kwa namba iliyopigwa kwenye ringi yake. Ukishaamua kuwa beringi hii hairudi tena, kazi inakuwa nyepesi: unaikata bila huruma na kuilinda ekseli. Nimeona watu wakipigana saa 6 kuiokoa beringi ya zamani, na kwenye vita hiyo wakapasua bodi.

## Cheni na sproketi

Pingili ya kuungia haifunguki. Nikate cheni?

Tafuta kwanza kama ina klipu au pini za kukunja. Klipu inasukumwa kwa plaizi, mdomo mmoja kwenye pini na mwingine kwenye mgongo wa klipu. Kabla ya hapo legeza kikaza cheni hadi mwisho, maana cheni iliyovutwa inabana pini hata kama klipu imetoka. Zungusha tairi mpaka pingili hiyo ikae juu ya meno ya sproketi. Hapo cheni inajishikilia na haitadondoka kwenye tope la chini.

Ikigoma kabisa, saga vichwa vya pini mbili za pingili moja kwa grainda ndogo hadi viwe sawa na bamba, kisha zisukume kwa panchi au kwa kifaa cha kukatia cheni. Tandika gunia bichi chini. Cheche za grainda zinatoboa plastiki na waya. Masharti ya petroli ni yale yale ya swali la moto.

Cheni imechakaa kiasi gani ndipo ibadilishwe?

Ipime, usiikadirie kwa macho. Vuta cheni ikaze na upime urefu wa pingili 16 kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini. Cheni namba 50 ina hatua, yaani umbali wa pini hadi pini inayofuata, ya milimita 15.875, kwa hiyo pingili 16 mpya ni milimita 254. Namba 60 ina hatua ya 19.05, sawa na milimita 304.8. Mimi nabadilisha ikirefuka kwa asilimia 2, yaani karibu 259 kwa ya kwanza na 311 kwa ya pili.

Pingili moja iliyoganda kwa kutu ni sababu tosha ya kubadilisha hata kama urefu ni mzuri. Utaiona: cheni ikiwa imelegea inabaki na kiwiko pale ilipoganda, na kila inapopita kwenye sproketi inagonga.

Sproketi haitoki kwenye ekseli. Nifanyeje?

Angalia inashikwa na nini. Kwenye modeli nyingine kuna meno ya shafti, kwenye nyingine kuna kile kipande cha chuma cha mraba ambacho mafundi tunakiita kii, na mara nyingi kuna skrubu isiyo na kichwa iliyojificha chini ya tope, pengine mbili, ya pili ikiwa imefunga ya kwanza kwenye tundu lile lile. Safisha kwa brashi ya waya mpaka uone chuma cheupe. Sproketi nyingi "zilizogoma" zilikuwa na skrubu ambayo hakuna aliyeiona.

Baada ya mafuta na joto, tumia pula, kile kifaa cha kuvutia chenye miguu na bolti katikati, na miguu yake ishike kitovu cha sproketi. Ikishika meno, bamba linapinda, na sproketi iliyopinda itatupa cheni kila siku. Kaza pula hadi iwe na mvuto mkubwa, kisha gonga kichwa cha bolti ya pula pigo moja kavu. Usipoona mwendo, usiongeze nguvu. Pasha kitovu, rudia. Inapoachia utasikia mlio kama wa kijiti kikavu kinachovunjika, na ukitazama utaona mstari mwembamba wa chuma king'aavu umejitokeza kwenye ekseli, upana wa ukucha.

Nafasi ya kuweka pula ikikosekana, ambayo ni kawaida kwenye ekseli za katikati, toa ekseli na sproketi pamoja kama mpangilio wa fremu unaruhusu, ukamalizie kazi mezani. La sivyo, nenda kwenye swali la kukata ekseli.

Naweza kubadilisha cheni nikabakiza sproketi za zamani?

Kama meno bado yana umbo sawa pande zote mbili, sawa. Yakiwa yamelala kama ndoana, cheni mpya itarefuka mapema kufuata meno hayo. Badilisha pamoja, na ufanye hivyo kwa cheni zote za upande mmoja.

## Ekseli na beringi

Ekseli inatolewaje, hatua kwa hatua?

Toa tairi, kisha cheni, na sproketi kama inazuia ekseli kupita. Ndani, legeza ringi ya kufungia beringi. Kwenye baadhi ya beringi ringi hiyo ni ya kujibana kwa kuzunguka: ilikazwa kuelekea ekseli inakozungukia, kwa hiyo baada ya kulegeza skrubu yake unaigonga kwa panchi kuelekea kinyume. Nje, fungua bolti za flanji na utenganishe flanji na bodi kwa kisu chembamba cha kukwangulia, maana silikoni ya zamani inashika kama gundi.

Sasa ekseli inatoka kwa kuvutwa kuelekea nje. Usiipige kutoka ndani. Funga kwenye habu ya tairi ile nondo yenye uzito unaoteleza, mafundi wa bodi wanayo ya kunyooshea mabonyeo, na uvute kwa mapigo mafupi yaliyonyooka. Mvuto unapita katikati ya ekseli na plastiki haiguswi. Ukikosa kifaa hicho, kipande cha bomba zito lenye tundu, nondo yenye uzi na nati vinatosha kukitengeneza.

Piga picha kila hatua, hasa za washa na spesa. Washa moja ikihama mahali pake, sproketi haitakuwa mstari mmoja na mwenzake.

Beringi imevunjika na ringi ya ndani imebaki kwenye ekseli. Inatolewaje?

Chukua grainda ndogo yenye jiwe jembamba na ukate mfereji kwenye ringi, sambamba na ekseli, hadi ubakize unene wa kama karatasi nene. Usifike chini. Rangi ya chuma inakusaidia: ringi ni ngumu na cheche zake ni nyingi, na karibu na mwisho utaona ukingo wa mfereji ukibadilika kuwa wa bluu. Acha hapo. Weka tindo kwenye mfereji, piga mara moja kwa nguvu, na ringi inapasuka kwa mlio mkali. Vaa miwani, kwa sababu chuma hiki hakipindi, kinaruka vipande. Baada ya kupasuka inateleza kwa mkono.

Ukiigusa ekseli kidogo, laini palipochubuka kwa msasa. Mkwaruzo mdogo chini ya beringi hauna shida. Mkwaruzo mahali mdomo wa sili unapokaa utaingiza maji, na hapo fundi kerezo ndiye wa kuamua kama pasafishwe au ekseli ibadilishwe.

Nimepiga ncha ya ekseli kwa nyundo, sasa imefutuka kama uyoga na haipiti kwenye beringi.

Usiendelee kupiga. Chukua tupa, uondoe ukingo uliofutuka kwa kuzunguka pole pole, ukipima kwa kalipa hadi ncha iwe nyembamba kidogo kuliko shafti yenyewe. Ukiilazimisha ipite ikiwa imefutuka itachimba ringi ya beringi na kujifunga humo. Siku nyingine, kati ya nyundo na ekseli weka kipande cha shaba au mti mgumu.

Bolti za flanji zinazunguka pamoja na nati. Ndani mkono haufiki.

Hii inawachosha wengi. Jaribu kumpa mwenzako spana ndefu aipitishe kutoka juu, kupitia upenyo wa sakafu, huku wewe ukiwa nje. Nati ikiwa ndani ya plastiki na imelegea makao yake, kata mfereji kwenye kichwa cha bolti, ishikilie kwa bisibisi pana na ufungue kidogo kidogo. La mwisho ni kusaga kichwa cha bolti. Saga kwa vipindi vifupi, gusa plastiki kwa kidole kila mara, ikikuchoma, pumzika. Tumia bolti za chuma kisichoshika kutu wakati wa kurudisha, na weka washa pana upande wa plastiki.

## Klachi za mkanda

Klachi ya injini haitoki hata baada ya kufungua bolti ya katikati. Kwa nini?

Kwa sababu ncha ya krenkishafti ina umbo la mteremko, na klachi imejibana juu yake kwa msuguano. Inahitaji bolti yake maalumu ya kuvutia, iliyotengenezwa kwa modeli hiyo ya klachi: inaingia kwenye uzi wa klachi na kusukuma ncha ya krenkishafti. Kaza, gonga kichwa cha bolti, subiri, kaza tena.

Ikigoma, toa bolti, jaza tundu kwa grisi, funga tepu ya mabomba kwenye uzi wa bolti, kisha kaza upya. Grisi haina pa kukimbilia na shinikizo lake linaisukuma klachi kutoka ndani. Simama pembeni, kwani inaweza kuruka.

Usiweke nondo nyuma ya sahani za klachi ukakongoa. Ni aluminiamu, na sahani iliyopinda hata kidogo itatafuna mkanda. Usipige pembeni pia. Unapinda krenkishafti, na hapo gharama imehamia kwenye injini.

Na klachi ya giaboksi?

Hii kwa kawaida iko kwenye shafti iliyonyooka yenye kii, na adui wake ni kutu tu. Njia ni zile za sproketi, isipokuwa joto liwe dogo kwa sababu ya sili ya giaboksi iliyo nyuma yake.

## Kesi ngumu

Bolti imekatika ndani ya ekseli.

Piga alama katikati kabisa kwa panchi, toboa tundu dogo, halafu kubwa kidogo, kisha ingiza kile kifaa cha kung'olea chenye uzi wa kinyume. Kifaa hicho kimetengenezwa kwa chuma kigumu sana; kikikatika ndani, drili haitakigusa. Kwa hiyo ukihisi kinanyonga bila bolti kusogea, acha. Kama kipande cha bolti kinaonekana, chomelea nati juu yake: joto la kuchomelea linailegeza na nati inakupa pa kushika. Kazi hiyo ifanyike ekseli ikiwa nje ya gari.

Ni wakati gani wa kukata ekseli?

Inapokuwa imepinda, au imeliwa, na sproketi haiwezi kuvutwa kwa kukosa nafasi. Kata kati ya sproketi na beringi ya ndani kwa msumeno wa umeme wa kwenda na kurudi, sio grainda: cheche ni chache na joto ni dogo. Vipande viwili vinatoka kila kimoja upande wake bila kubishana na bodi. Kabla ya kukata, hakikisha ekseli mpya iko mkononi na umelinganisha urefu wake, idadi ya meno na kipenyo. Kwenye gari moja ekseli za mbele na za katikati zinaweza kutofautiana.

Gari limeingia maji ya chumvi.

Osha siku hiyo hiyo kwa maji yasiyo na chumvi, ndani na nje, vizibo vikiwa wazi. Chumvi inafanya aluminiamu na chuma vilivyogusana viwe kama betri, na aluminiamu ndiyo inayoliwa. Unga wake mweupe unashika vibaya kuliko kutu nyekundu. Kisha sukuma grisi mpya kwenye kila beringi, kama ilivyoelezwa mwisho wa ukurasa.

Beringi imegoma nikiwa porini, mbali na barabara.

Ondoa cheni inayoifikia ekseli hiyo peke yake, kama mpangilio wa cheni unaruhusu, na urudi polepole kwa ekseli zilizobaki. Ekseli ya mbele kabisa au ya nyuma kabisa ni rahisi. Ya katikati huenda ndiyo inayopitisha nguvu kwa wenzake, na hapo itabidi uvutwe. Usiingie majini ukiwa hivyo, kwa sababu beringi iliyovunjika haina sili.

## Kurudisha na kujaribu

Nipake nini ili visishikane tena?

Safisha ekseli kwa msasa mpaka ing'ae, kisha paka tabaka jembamba la grisi ya shaba ya kuzuia kushikana pale beringi na sproketi zinapokaa. Mahali pamoja pasipakwe kitu ni ule mteremko wa klachi ya injini. Pale pawe pasafi na pakavu, kwa sababu msuguano ndio unaobeba kazi. Kwenye skrubu zisizo na kichwa weka gundi ya kufungia uzi wa skrubu, ya nguvu ya wastani.

Beringi mpya inabana sana kwenye ekseli.

Usiipige. Hapa Kanada majira ya baridi yanatusaidia: acha ekseli nje usiku mzima, na beringi uipashe kidogo ndani, isizidi nyuzi 80 kama ina sili zake. Ekseli ya milimita 30 ikipoa kwa nyuzi 50 inasinyaa kama milimita 0.018, na mara nyingi hiyo inatosha iingie kwa mkono. Mahali pa joto, friza ya nyumbani inafanya kazi hiyo. Ikibidi kusukuma, sukuma kwa bomba linalokaa kwenye ringi ya ndani tu.

Cheni iwe na ulegevu gani, na klipu ielekee wapi?

Fuata mwongozo, usipokuwa nao, kanuni ya cheni za kawaida ni karibu asilimia 2 ya umbali kati ya shafti. Ekseli zikiachana sentimita 60, cheni ichezecheze kama sentimita 1.2. Zungusha matairi mzunguko mzima na upime tena, maana kila cheni ina sehemu yake iliyokaza zaidi. Upande uliozibwa wa klipu uelekee cheni inakokwenda gari likiwa linasonga mbele.

Nitajuaje kama sili zinashika?

Ingia kwenye maji ya kina kifupi, mahali unapoweza kushuka na kusimama, ukae dakika 10. Funika sakafu ya bodi kwa karatasi kavu chini ya kila flanji kabla ya kuingia. Karatasi iliyolowa inakuonyesha flanji yenye tatizo bila ubishi. Pampu ya kutolea maji iwe imejaribiwa kwanza ukiwa nchi kavu.

Grisi isukumwe kila baada ya muda gani?

Kila baada ya kutoka majini, kabla gari halijapoa usiku kucha. Sukuma polepole huku tairi likizungushwa, hadi grisi ya zamani itokeze kwenye mdomo wa sili. Ikitoka rangi ya maziwa, maji yalishaingia. Endelea mpaka itoke safi. Ikitoka na unga mwekundu au vipande vinavyong'aa kidoleni, agiza beringi leo, wakati ekseli bado inatoka kwa mkono.